Mtu Asiyemjua Mtu

Wakati ule ukipanda treni Tabora kwenda Dar es Salaam hukujua utafika lini. Ulijua tu kwamba umepanda. Injini yetu ilikufa Saranda, tukalala juu ya mizigo, akina mama wa pale wakatuuzia kuku wa kuchemsha na maji ya ndoo, mpaka ikaja injini nyingine kutuvuta. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefanya kazi Mwanza kwenye duka la kuchapa barua, nimekaa Shinyanga bila kazi ya maana, nimerudi nyumbani na kuondoka tena. Kila mahali nilikaa mpaka miguu ikaanza kuwasha.

Dar nilipata kibarua Kariakoo kwa mtu aliyeuza kompyuta zilizokwishatumika. Nikajifunza kuzifungua, kuzipangusa vumbi na kuzirudishia uhai. Siku moja akaniambia nivushe kompyuta moja kubwa kwenda Unguja, kwenye ofisi moja Kiponda, niiwashe mbele ya wenyewe waridhike, kisha nirudi na boti ya jioni.

Boti ilinitapisha njia nzima. Nilikaa nimeipakata kompyuta ile kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa, natapika upande ili isilowe. Nilipofika bandarini mchukuzi wa mkokoteni alitaka kunibebea, nikakataa kwa kuogopa ataiangusha. Akanifuata vichochoroni na mkokoteni mtupu, anacheka.

"Mbara, msikiti huo ushaupita! Utausalimia mara ngapi?"

Na kweli nilikuwa nazunguka palepale. Mwishowe nikamkabidhi mzigo na tukafika.

Ofisi ilikuwa juu, kwenye nyumba kongwe yenye ngazi za mbao zilizosimama wima. Ilikuwa na chumba kimoja, meza tatu na feni lililolalamika. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa makamo, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kidichi zamani, na sasa ulikuwa na nyumba ile tu. Alikuwa amefanya kazi Maskati miaka mingi, akarudi na ujuzi wa programu za hospitali. Tulimwita Bi Mkubwa. Mfanyakazi wake alikuwa mpwa wake, kijana mwembamba asiyeisha maneno, ndiye aliyeandika programu zenyewe.

Niliiwasha kompyuta, ikawaka vizuri. Nilikuwa nakunja kamba za boksi Bi Mkubwa aliponiuliza:

"Una jamaa hapa Unguja?"

"Sina, Bi."

"Hata mtu wa kwenu? Uliyesoma naye?"

"Hakuna. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka."

"Unasali msikiti gani?"

"Mimi Mkristo."

Akamgeukia mpwa wake. "Umesikia? Na Ijumaa adhuhuri hana pa kwenda."

"Shangazi, ndiyo tunaajiri watu kwa sifa ya kutojulikana?"

"Kujulikana si neno," akasema. "Kwa sifa ya kutojua watu."

Boti ya jioni iliondoka bila mimi.

Sababu ya maswali yale niliipata baadaye, na aliyenisimulia ni yule mpwa mwenyewe, bila kujitetea. Ofisi ile iliuza programu ya kutunza habari za wagonjwa kwenye zahanati za watu binafsi. Kubwa kuliko zote ilikuwa kliniki ya wanawake kule Mbweni, chini ya mkunga mmoja mzee aliyeheshimiwa kisiwa kizima. Programu haikai kama ilivyo. Leo kuna kosa la kusahihisha, kesho mkunga anataka ukurasa mpya, na mabadiliko hayo hukusanywa na kupelekwa kwa pamoja. Fungu hilo tuliliita toleo. Kabla ya kupeleka toleo lazima lijaribiwe, na mpwa alikuwa akijaribu kwa nakala ya habari za kweli za kliniki, majina na yote.

Siku moja akaona jina la jirani yao. Hakumsengenya. Alifanya alivyolelewa: alimwambia mama yake kwamba jirani hajambo kidogo. Mama naye akafanya alivyolelewa. Akapika uji wa pilipili manga, akaufunika kawa, akaupeleka mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na mume.

"Uji wa nani? Nani mgonjwa humu?"

Mke hakuwa amemwambia mume kwamba alikwenda kliniki.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mkubwa. Mkunga mzee alipanda ngazi zile kwa taabu, akakaa, akasema likitokea tena atarudi kwenye karatasi zake. Bi Mkubwa akamwahidi kwamba hakuna mtu anayemjua mtu atakayefungua majina ya Mbweni. Katika mji ambao kila mmoja ni shemeji au kungwi au jirani wa mwenzake, maana ya ahadi ile ni kwamba hatafungua mtu yeyote. Ndipo nikatokea mimi, nimelowa matapishi.

Kompyuta niliyoivusha ilinunuliwa kwa kazi hiyohiyo. Ndani yake Bi Mkubwa aliweka programu aliyoizoea Maskati, ya kupanga na kulinda matoleo. Ilikuwa na kalenda. Kila toleo lilipewa siku yake, likaandikwa linabadilisha nini, nani amelijaribu, nani ameridhia na nani atakwenda kuliweka. Wawili walipaswa kuridhia, Bi Mkubwa na mkunga. Wasiporidhia wote wawili, haikutoa neno la siri la kufungulia habari za kliniki. Wakiridhia ilingoja mpaka siku na saa iliyopangwa, ndipo ikatoa neno, na neno lenyewe halikudumu zaidi ya saa moja. Na kila jina lililofunguliwa iliandika nani kalifungua na kwa muda gani.

Kwa majaribio ya ofisini, ilifuta majina ya watu na kuweka mengine badala yake. Mpwa ndiye aliyechagua hayo mengine, akachagua samaki. Kwa hiyo kwenye meza yake walipita kina Changu binti Tasi na Kolekole binti Nguru, wenye mimba na presha zao. Mkunga mzee alikuja siku moja kutazama ukurasa mpya kabla ya kuuridhia, akavaa miwani.

"Huyu Bi Pweza kazaa mara ngapi?"

"Nane, Bi."

"Na mumewe hajamwonea huruma?"

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na nadhani siku ile ndiyo aliyotusamehe kweli.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha kalenda ilitaka kujua Idi ni tarehe ngapi, ili siku hiyo isipangiwe toleo. Mpwa akaandika kwamba mpaka mwezi uandame. Ikakataa, ilitaka tarehe.

"Funga siku mbili," Bi Mkubwa akasema.

"Na wanaofuata mwezi wa Maka?"

"Funga tatu basi, kila mtu ale biriani yake kwa nafasi."

Kazi yangu hasa ilikuwa ya Ijumaa. Tulipanga matoleo ya Mbweni yawe wakati wa sala, kwa kuwa ndipo mji unaponyamaza. Maduka hufungwa, wanaume wako msikitini, kliniki haipokei wageni ila mwenye uchungu. Nilipanda vespa ya ofisi na diski mfukoni, nikapita barabara tupu yenye jua kali, nikafika Mbweni mkunga ananingoja mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ingia, mtu wa samaki."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha lililotazama ukuta wa zamani wa misheni, mimea imeuparamia. Kwanza nilichukua nakala ya akiba, ili toleo likiharibika turudi tulikotoka. Kisha nikaliweka toleo. Mwisho ilikuwa ile sehemu iliyohitaji mtu kama mimi. Programu ilichagua yenyewe majina machache ya wiki ile, ikayafungua moja moja, nami nikahakiki kwamba jina, umri na tarehe ya kurudi vimekaa mahali pake. Nikatia alama, likaja jingine. Kwangu majina yale yalikuwa kama vituo unavyovipita dirishani kwenye treni isiyosimama. Nilisoma herufi, mtu simwoni. Halafu nikafunga, mkunga akaniletea juisi ya ukwaju, na kule mjini watu wakaanza kutoka msikitini.

Ninazikumbuka Ijumaa zile kuliko siku nyingine zozote za ujana wangu. Nilikuwa mtu wa lazima mahali fulani. Kabla ya hapo sikuwahi kuwa, na kwa kweli hata baadaye.

Nilipanga chumba cha uani Kikwajuni, kwa mjane mmoja aliyeishi na binti zake na mdogo wake na mkwe. Nyumba ya wanawake watupu, kelele za sufuria kutoka alfajiri. Mwanzoni niliitwa mgeni. "Mpelekeeni mgeni chai." "Mgeni kashakula?" Siku mjane alipouliza kwetu wapi nami nikataja Tabora, aliacha kupepeta mchele.

"Babu yangu mzaa baba Mnyamwezi! Alikuja huku na mizigo, hakurudi. Mimi hata boti sijapanda."

"Basi tu jamaa, Bi."

"Jamaa gani, wewe mtani wangu. Hebu niambie, Tabora kuna maembe kweli au babu alikuwa mwongo?"

Nikamwambia maembe yapo mpaka yanaoza njiani. Akafurahi kama vile nimemlipia babu yake deni. Tangu siku ile sahani yangu ilitoka chungu kimoja na zao. Ramadhani sikuweza kula mchana mbele yao, nikajikuta nafunga, na jioni nakaa nao mkekani kwenye futari. Siku moja nilichelewa. Mjane alinigombeza mbele ya watu:

"Tunakungoja wewe tu, uji unapoa! Unadhani hapa hotelini?"

"Samahani, Bi, nilidhani mgeni..."

"Mgeni nani? Nenda kateke maji."

Wote wakanicheka. Niliteka maji uso nimeukunja, moyoni nina furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Miguu haikuwasha mwaka ule, wala uliofuata. Nilianza hata kuuliza bei za vitanda vya mbao, kitu ambacho mtu wa kuhamahama haulizi.

Bi Mkubwa aliona. Siku moja alinikuta naamkiana na watu watatu kwa mpigo pale chini ya ngazi.

"Umeanza kuwajua watu."

"Wa mtaani tu, Bi. Nyumba moja ninayokaa. Wengine nawasalimia."

Akanitazama kidogo, akapanda ngazi. Nyumba ile moja alikuwa anaijua. Kila mtu alijua nakula wapi.

Halafu ikaja Ijumaa yenyewe. Toleo lilikuwa dogo, kubadilisha namna tarehe za kurudi zinavyopangwa. Niliweka, likakaa. Programu ikaanza kuchagua majina. La kwanza, alama. La pili, alama. La tatu lilikuwa la mtu wa nyumba yangu.

Sitasema ni nani kati yao. Niliona jina na umri, na tarehe ya kurudi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mbele. Hapo chini palikuwa na maneno ya mkunga, sikuyasoma. Jambo la kwanza nililotaka ni kufunga haraka, mkono ukaenda. Nikaushika. Programu iliandika muda. Mtu akija kutazama baadaye ataona kwamba majina yote nimeyakalia sawasawa, ila moja nimelikimbia, na kulikimbia ndiko kumtaja. Basi nikageuza uso nikatazama ule ukuta wa misheni dirishani, kwa muda uleule niliotumia kwa wengine. Kisha nikatia alama, nikaendelea na la nne kana kwamba hakuna kitu.

Mkunga alileta juisi. "Mbona leo jasho?"

"Jua, Bi."

Niliporudi nyumbani chakula kilikuwa tayari. Nilikaa mkekani na wote walikuwapo. Niliazimia kutomtazama, na mara nikajua kwamba kutomtazama nako kunaonekana. Baada ya kula wanawake walitoka kuteka maji, na nilipowaona wanarudi na ndoo nilijikuta nimesimama, nimeshampokea mmoja wao kabla hajafika mlangoni. Ni yeye niliyempokea. Sikupanga. Nilipotambua nikawapokea na wengine, mmoja mmoja, hata yule aliyebeba kopo.

"Leo kuna nini?" mjane akauliza. "Kapata mshahara huyu?"

"Anataka kuoa," akasema mdogo wake. "Wakitaka kuoa ndivyo wanavyokuwa."

Walicheka, na yeye alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nawaza uji. Yule mama aliyeupika hakuwa mbaya kuliko mimi, alikuwa tu amejua kitu na mikono yake ikashindwa kukinyamazia. Yangu ilishindwa siku ileile. Kesho ingeshindwa kwa kumwachia kiti kivulini, na siku moja mtu mwerevu ndani ya nyumba ile angejiuliza kwa nini yeye tu.

Nilikaa na jambo lile nikiligeuza. Ningeweza kumwomba Bi Mkubwa anitoe kwenye matoleo ya Mbweni, kalenda iliruhusu kubadilisha mtu kwa kugusa mara moja. Lakini ombi hilo lingekuwa na maana moja tu, kwamba nimeona jina ninalolijua, na Unguja nzima nilijua nyumba moja. Ningeweza kuacha kazi nikabaki Kikwajuni, nikauza vocha au nikatengeneza redio. Watu wangeuliza kwa nini kaacha kazi nzuri, na katika mji ule swali la namna hiyo halilali njaa. Kila njia niliyoijaribu ilimpitia yeye mlangoni. Isipokuwa ile niliyoijua tangu utoto. Mimi kuondoka hakumshangazi mtu. Ndiyo sifa yangu, hata mama yangu mzazi akiulizwa atakwambia huyu hatulii.

Jumatatu nikapanda ngazi.

"Bi Mkubwa, nasafiri."

"Unarudi lini?"

"Sirudi. Nakwenda Songea."

Mpwa akageuka na kiti chake. "Kuna nini Songea?"

"Sijui. Sijafika."

"Lahaula! Yakhe, mtu anaacha kazi akaone Songea? Si ungengoja hata picha?"

Bi Mkubwa hakucheka. "Kuna jambo nikilifanya utabaki?"

"Hakuna, Bi."

Alikuwa mtu wa kuuliza, yule. Aliuliza bei ya vitumbua kabla hajavila. Siku ile hakuuliza tena. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akanitaka nikae karibu nione, akaingia mahali panapoandikwa nani anaruhusiwa nini. Akaondoa ruhusa zangu moja baada ya nyingine: kuweka matoleo, kufungua habari, kuchukua nakala. Mwisho likabaki jina langu peke yake halina kitu mbele yake, akalifuta nalo.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Si kwamba sikuamini."

"Najua, Bi."

"Sasa tutampata wapi mwengine asiyemjua mtu?" mpwa akauliza.

"Bandarini," akasema Bi Mkubwa. "Wanashuka kila siku."

Lakini alinifuata mpaka juu ya ngazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama pale mpaka nikafika chini.

Kwa mjane ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yeye hakuwa na kalenda wala ruhusa za kufuta. Nilimwambia asubuhi ya safari yenyewe, begi likiwa tayari, nikidhani nikichelewa kusema itauma kwa muda mfupi. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kulia mbuzini.

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, Bi. Miguu yangu tu. Ndivyo nilivyo."

"Miguu gani hiyo, humu ndani ulikuwa nayo miaka yote na haikukusumbua." Akaita ndani: "Njooni mumuage mtani wenu, anatukimbia!"

Wakatoka wote. Mmoja alinifungia maandazi kwenye gazeti, mwingine akasema nisithubutu kuoa huko bila kuwaletea kanga, mdogo wake mjane akasema alijua tu, watu wa bara ndio walivyo, ukiwazoea wanaondoka. Niliwapa mkono wote, nikijitahidi kila mkono uwe sawa na mwingine. Mjane hakunipa wake, ulikuwa na nazi. Alisema tu:

"Haya. Ukipita Tabora kawasalimie jamaa za babu. Waambie wajukuu wake hawakukufukuza."

Boti ilikuwa imejaa. Safari ile bahari ilitulia na sikutapika. Nilikula maandazi yote kabla hatujatoka kwenye mlango wa bandari, kisha nikakunja lile gazeti na kukaa nalo mkononi, kwa sababu sikuwa na mzigo mwingine wa kupakata.